Siku Saba na Mjomba Mchinjaji: Kutoka Murchison hadi Ishasha

Siku ya kwanza: Kampala hadi Paraa

Tuliondoka Kampala saa kumi na moja alfajiri, kabla foleni ya Bwaise haijaamka, tukiwa watu watatu ndani ya gari: mimi, ninayefundisha biolojia katika shule ya sekondari, mjomba wangu, aliyekuwa mchinjaji mjini Arua kwa miaka thelathini na ushei mpaka magoti yalipomstaafisha, na dereva, kijana wa Kasese aliyejifunza Kiswahili kwa baba yake mwanajeshi, na ndiyo sababu hata anapoomba chumvi husikika kana kwamba anatoa amri. Wazo la safari lilikuwa langu. Kila mwaka huwaambia wanafunzi kwamba wanyama wala nyama huua mawindo yao kisha wakayala, na kila mwaka huona aibu kidogo, kwa maana neno "huua" hapo limeficha karibu kila kitu kinachostahili kufundishwa. Mjomba alikuja kwa sababu yake mwenyewe. Alisema kwamba amechinja maisha yake yote na hajawahi kuwaona wenzake wakiwa kazini.

Tulipokuwa tukipita Luweero alisema jambo ambalo wakati ule nililichukulia kuwa mazungumzo ya njiani tu. "Watu hudhani kazi ni kisu, mpwa wangu. Kisu ni cha dakika moja. Kazi ni kumshika ng'ombe." Kisha akaeleza jinsi ng'ombe anavyofungwa miguu, anavyolazwa ubavu wa kushoto na kuelekezwa kibla, nani anashika pembe na nani hapaswi kusimama mbele ya kwato. Mbavu yake moja ilivunjwa na fahali aliyeshikwa vibaya, na mpaka leo huijua mvua kabla haijanyesha.

Tulikula mchana Masindi na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls jua likiwa limeanza kulala. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1952 na ndiyo kubwa kuliko zote nchini, yenye zaidi ya kilomita za mraba 3,800.

Siku ya pili: ukingo wa kaskazini

Tulivuka daraja la Paraa kulipopambazuka, tukiwa na askari wa wanyamapori, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye aliniita Mwalimu na kumwita mjomba Mzee tangu dakika ya kwanza. Upande wa kaskazini ni mbuga wazi yenye mivumo, kongoni, twiga na makundi ya kobu, yule swala wa Uganda aliyesimama katika nembo ya taifa akimtazama korongo taji.

Hatukuona mwanzo wa tukio. Tulipofika, simba jike alikuwa tayari amemlaza kobu kwenye nyasi fupi, akiwa amemkaba koo chini ya taya, na wala hapakuwa na vurugu yoyote. Miguu ya kobu ilikuwa ikisukuma hewa taratibu. Simba alikuwa amefumba macho nusu, akipumua kwa pua, kama mtu aliyeshika mlango usifunguke. Nilitazama saa yangu: kutoka tulipozima injini mpaka mguu wa mwisho ulipotulia zilipita dakika sita.

"Hakukata kitu," mjomba alinong'ona. Ilimshangaza, kwa sababu kwake yeye koo ni mahali pa kukata koromeo, umio na mishipa miwili ya damu kwa mkupuo mmoja. Askari alimweleza kwamba chonge za simba zina umbo la msumari kuliko kisu. Kazi yake kubwa ni kubana koromeo hadi hewa isipite. Anapompata nyati, ambaye shingo yake ni nene mno, mara nyingi simba humfunika mdomo na pua kwa kinywa chake mwenyewe na kumzuia pumzi kwa njia hiyo, huku wenzake wakiwa wamemlemea mgongoni na nyuma. Kazi hiyo huweza kuchukua muda mrefu sana.

Mjomba aliomba darubini, akatazama kwa muda, kisha akacheka peke yake. "Tazameni alivyolala," alisema. "Yuko upande wa mgongo. Kwato zote zimeelekea kule, hazimfikii. Ndivyo nilivyowafundisha vijana wangu wote." Nilikuwa nimeona picha za simba mia moja, na sikuwahi kuliona hilo. Simba mwenye taya iliyovunjwa kwa teke anaweza asiwinde tena, na asiyewinda anaweza kufa kwa njaa. Kwa hiyo kabla ya kufikiria windo litakufaje, mwili wake umeshafikiria namna ya kulishika bila kuumizwa. Ndiyo maana pia hunyatia mpaka awe karibu sana. Hana pumzi ya mbio ndefu, na nguvu yake iko katika mabega na miguu ya mbele, inayomvuta mnyama mzito chini na kumnyima fursa ya kusimama tena.

Baadaye kidogo mjomba alikumbuka Sura ya al-Maida, aya ya 3, ambamo mnyama aliyekufa kwa kukabwa koo ametajwa waziwazi miongoni mwa walioharamishwa, pamoja na aliyepigwa, aliyeanguka kutoka juu, aliyepigwa pembe na aliyeliwa na mnyama mkali. "Kwa hiyo kila tutakachokiona wiki hii ni kibudu," alisema, kama mtu anayejaza fomu.

Fisi hatukuwaona wakiwinda. Tuliona mavi yao tu, meupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa wanayoisaga na kuimeng'enya, na hayo yalitosha kuanzisha ubishi. Dereva alishikilia kwamba fisi ni mwizi wa mizoga. Mimi nilimweleza utafiti wa Hans Kruuk, ambaye katika miaka ya 1960 aliwafuata fisi madoa usiku huko Ngorongoro na kukuta kwamba sehemu kubwa ya chakula chao waliiua wenyewe, na kwamba mara nyingi simba ndio waliokuwa wakiwanyang'anya. Fisi hana makucha ya kushikia, kwa kuwa makucha yake ni butu kama ya mbwa. Hawezi kukumbatia windo wala kulilaza. Alichonacho ni moyo mkubwa wa kukimbia kilomita kadhaa bila kuchoka, wenzake, na taya. Wanalichosha windo, wanaling'ata miguu ya nyuma, ubavu na tumbo likiwa bado limesimama, na linaanguka kwa kuvuja damu na mshtuko huku likiliwa.

Dereva alisema huo ni ukatili. Askari alijibu kwamba amewahi kuona fisi wakimaliza kongoni kwa muda mfupi kuliko simba wanavyommaliza nyati, na kama angekuwa yeye ndiye windo, asingejua achague nini. Mjomba hakusema lolote, jambo lisilo la kawaida yake.

Siku ya tatu: juu ya Nile

Asubuhi tulikwenda kwa mashua upande wa delta, Mto Nile unapokaribia Ziwa Albert, kumtafuta korongo-nyangumi. Tulimkuta amesimama katikati ya mafunjo, kijivu, mrefu karibu kufikia kifua cha mtu, ametulia hata nikadhani ni kisiki. Tulimngojea saa nzima na dakika ishirini. Kisha, bila kunyosha shingo wala kupiga hatua, alianguka. Hakuna neno jingine: mwili wote, mabawa na kichwa vilianguka juu ya maji kwa pamoja, naye akainuka na mdomo uliojaa matope, majani na mkia wa samaki.

Samaki huyo alikuwa kamongo, naye alikufa kwa sababu ya mapafu yake. Kamongo hulazimika kupanda juu kuvuta hewa hata akiwa ndani ya maji, na korongo-nyangumi husimama mahali anapojua kwamba lazima pumzi itatafutwa. Kingo za mdomo wake ni kali, na ncha yake imepinda kama ndoana. Aliutikisatikisa mdomo mpaka majani yakadondoka, akamsaga samaki na kumkata kichwa, akameza, kisha akanywa maji. Hapo mjomba alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Angalau mmoja alikuwa amekata shingo.

Mwendesha mashua aliongeza kwamba jina la samaki huyo humtatiza kila mgeni anayezungumza Kiswahili. Waganda humwita mmamba, na wako watu wa ukoo wa Mmamba ambao hawamli kamwe; mamba wetu sisi, wao humwita goonya. Kwa hiyo mtu akikuambia Kampala kwamba babu yake ni mmamba, usitazame meno yake.

Mamba wenyewe tuliwaona alasiri, tulipopanda mto kuelekea maporomoko, mahali ambapo Nile yote hujipenyeza katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita saba hivi na kuanguka zaidi ya mita arobaini. Samaki waliozubaishwa na maanguko hayo huwafikia mamba chini bila jasho. Walilala kwenye kingo za mchanga, vinywa wazi, baadhi yao wakiwa na urefu uliozidi mita nne.

Mamba ana taya zenye nguvu za kutisha za kufumba na misuli dhaifu ya kufumbua, kiasi kwamba kamba ya kawaida iliyofungwa kwenye mdomo huweza kumzuia asifungue kinywa. Meno yake ni ya kushikia tu. Hawezi kukata wala kutafuna, kwa kuwa taya zake haziendi upande upande. Anapomdaka mnyama aliyekuja kunywa, hana haja ya kutafuta koo: mguu, pua au paja vyote vinafaa, mradi aweze kumvuta ndani, na maji yenyewe ndiyo yatakayomaliza kazi. Nyuma ya ulimi ana kizibo cha nyama kinachofunga njia ya koo, hivyo anaweza kushika windo kinywa kikiwa wazi chini ya maji bila kuzama mwenyewe. Ili kumega kipande, huuma na kuuzungusha mwili wake wote kama mtu anayekamua nguo, mpaka nyama ichanike. Mara nyingine mamba mwingine huuma upande wa pili, na hapo kila mmoja anakuwa mshikaji wa mwenzake.

Mjomba alitafakari hilo mpaka tuliporudi Paraa. Kulingana na hesabu zake, mamba ni bwana wa kushika ambaye hakuwahi kununua kisu.

Siku ya nne: barabarani

Masindi, Hoima, Kagadi, Kyenjojo, Fort Portal. Barabara ni nzuri na hakuna la kueleza, isipokuwa kwamba dereva aliuliza kwa nini hatukupangiwa kumwona duma. Nilimwambia kwamba kwa Uganda ingetubidi twende Kidepo, kaskazini-mashariki kabisa, na hata huko ni wachache. Duma hutegemea mbio. Akilifikia windo hulipiga kumbo au kulikwatua mguu kwa ukucha wake wa ndani, ulio mkali kuliko makucha mengine, nalo likishaanguka hulikaba koo. Taya zake ni ndogo, kwa hiyo lazima ashikilie kwa dakika kadhaa, na matundu yake mapana ya pua humruhusu kuhema baada ya mbio zile huku kinywa kikiwa kimefungwa kooni. Akimaliza huwa amechoka mno, na yeyote mwenye nguvu kidogo humfukuza.

Siku ya tano: Msitu wa Kibale

Tulianza matembezi Kanyanchu tukiwa tumeingiza suruali ndani ya soksi, ushauri ambao mjomba aliupuuza. Sokwe tuliwakuta wakila matunda ya mkuyu kwa amani, mama mmoja akimchambua mwanawe manyoya. Mwongozaji alituambia tusidanganyike. Katikati ya msitu huu, mahali paitwapo Ngogo, ndipo lilipo kundi kubwa la sokwe lililofanyiwa utafiti kwa miaka mingi, ambalo lilifikia karibu sokwe mia mbili, na madume yake huwinda mbega wekundu kwa bidii kiasi kwamba idadi ya mbega hao katika eneo lile ilishuka sana.

Sokwe hana zana ya kuulia. Ana chonge kubwa, lakini hizo ni za kugombana na madume wenzake. Ana mikono, ambayo ni mizuri ajabu kwa kushika na haifai kwa lolote linalofuata. Kwa hiyo madume hupanda mitini pande zote, huwabana mbega mahali ambapo matawi yamekatika, na anayedaka humng'ata kichwa au shingo, humbamiza kwenye shina, au huanza tu kumla. Mbega mdogo hufa mara moja. Mkubwa huweza kuchelewa, na wenye kunyoosha mikono kuomba kipande huwa wameshafika. Nimeandika haya kwa shida, kwa kuwa asubuhi ile ile nilimwona mama yule akimbusu mwanawe.

Wakati tukirudi, nyani wote wa juu yetu walipiga kelele kwa pamoja na kujitupa chini kwenye vichaka. Mwongozaji alionyesha kivuli: tai mwenye kishungi, mwindaji mkubwa wa nyani wa misitu hii. Ana uzito wa kilo nne hivi, naye huua wanyama wanaomzidi uzito. Silaha yake ni mguu wenyewe. Kucha za nyuma ni nene na ndefu, na anapofunga mguu juu ya kichwa au mgongo wa kima, kushika na kuua huwa tendo moja. Kucha hupenya fuvu au huvunja uti wa mgongo kabla windo halijageuka.

Kisha mjomba alianza kurukaruka. Alikuwa amesimama juu ya njia ya siafu. Tulimchambua mmoja mmoja kutoka shingoni mpaka vifundoni, na vichwa vya baadhi yao vilibaki vimeng'ang'ania ngozi baada ya miili kukatika. Siafu hawana macho na hawategemei sumu. Hukata kwa taya, na uwezo wao ni idadi, kwa kuwa jeshi moja huwa na mamilioni. Panzi aliyefikiwa hushikwa kila mguu na siafu kadhaa wanaovuta kila mmoja upande wake. Mjomba, akiwa ameketi kwenye gogo bila fulana, alikiri kwamba wakiwa wengi kiasi hicho, fundi hana kazi.

Siku ya sita: Maramagambo

Tulivuka ikweta karibu na Kikorongo na kuingia Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga na kupewa jina la sasa baada ya ziara ya malkia wa Uingereza mwaka 1954. Tulipovuka Mlango wa Kazinga, mkono wa maji unaounganisha Ziwa Edward na Ziwa George, dereva alipunguza mwendo ili atusimulie habari za Jacob, simba aliyekatika mguu mmoja wa nyuma kwa mtego wa chuma. Mapema mwaka 2024 yeye na ndugu yake walirekodiwa usiku wakiogelea kuvuka maji haya yenye mamba na viboko, safari iliyozidi kilomita moja. Simba wa miguu mitatu hawezi tena kukimbiza na kuangusha kama wenzake. Imembidi aishi kwa kuvizia zaidi.

Msituni Maramagambo kuna pango la popo ambamo chatu huishi, wakiokota popo kama mtu aliyejenga nyumba ndani ya ghala. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa wa Marburg baada ya kuingia pangoni, kwa kuwa popo hao hubeba virusi vyake. Siku hizi wageni hutazama kutoka kwenye kibanda cha vioo kilicho mbali kidogo. Tulimwona chatu mmoja, ameegemea ukuta wa mwamba, mnene kama paja la mjomba, hana haraka na dunia.

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba chatu huua kwa kuzuia pumzi. Nilikosea, na nimewaomba radhi. Utafiti wa wanasayansi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa nyoka aina ya boa ambaye hubana kama chatu, ulipima damu ya panya waliokuwa wakibanwa na kuonyesha kwamba mzunguko wa damu hukwama ndani ya sekunde chache, muda mrefu kabla pumzi haijaisha. Utafiti mwingine wa mwaka 2012 ulitumia panya waliokufa waliowekewa mioyo ya bandia: moyo ulipoendelea kupiga, nyoka aliendelea kubana, uliposimamishwa, alilegeza. Nyoka husikiliza mapigo, basi, na hulegeza anapojua kwamba hakuna tena wa kushika.

Mjomba alirudia kwa sauti ya chini. "Anaisimamisha damu bila kuimwaga." Nadhani aliguswa zaidi na huyu kuliko wote. Kushika kwake ndiko kisu chake.

Jioni, karibu na kambi, taa za gari ziliangaza kifutu, nyoka mwenye sumu, aliyejinyoosha barabarani akiota joto la ardhi. Dereva alisimama, tukangoja apite. Huyu amelitatua tatizo la kushika kwa kutoshika kabisa: humngojea panya siku nzima bila kusogea, humuuma kwa kasi isiyoonekana, na kama panya ni mkubwa, humwachia mara moja ili meno yake yasimguse. Panya hukimbia hatua zake za mwisho huku sumu ikianza kuharibu damu na nyama, nayo harufu aliyoiacha husomwa na ulimi wa nyoka taratibu mpaka mahali alipoangukia.

Siku ya saba: Ishasha

Kusini mwa hifadhi, mikuyu hupanua matawi yake mlalo, na simba wa huku hupanda juu yake mchana, pengine kwa kukimbia joto na mbung'o. Hatukuwakuta. Askari aliyetuongoza alituonyesha eneo ambalo mwezi Machi 2021 walikutwa simba sita wamekufa, vichwa na nyayo vimekatwa, na tumbusi wamekufa karibu nao, dalili ya sumu. Alieleza hayo kwa maneno machache, akaendelea na njia.

Saa kumi na moja jioni tulimwona chui. Alikuwa juu ya mkuyu ulio peke yake, kobu mchanga akining'inia kwenye panda ya tawi, shingo imelegea, koo likiwa na matundu manne madogo yasiyotoa damu. Chui huwinda peke yake na hana wa kumsaidia kushika, kwa hiyo huchagua windo analoweza kulimudu, hulirukia kwa karibu, hulikaba koo au kisogo, kisha hufanya kazi ambayo simba hana haja nayo: hulipandisha mti kwa meno, hata linapolingana naye kwa uzito, kwa sababu chini si mahali pa kulia.

Na kweli, chini walikuwapo fisi wawili, wamekaa kwa matako yao wakitazama juu. Mjomba alishusha darubini. "Huyu," alisema, "ana mpaka ndoano ya kutundikia." Dereva alikuwa ameshashika ufunguo, kwa kuwa lango hufungwa saa moja. Mjomba alimwomba asiwashe gari kwanza, maana chui alikuwa ameanza kunyofoa manyoya ya kobu na kuyatema, fundo kwa fundo, nayo yalikuwa yakiwaangukia fisi usoni.